Mbegu ya Dawa ya Sotoka

Mwanangu, kabla hujaenda kuanza hiyo kazi ya kukuza virusi wa chanjo maabarani, keti kidogo. Nakumbuka asubuhi moja baba yako alipomkatalia babu yako, baba yangu mimi, mbele ya watu.

Ilikuwa kwetu Nzega, enzi za Mwingereza. Sotoka, ile tauni ya ng'ombe, ikiingia zizini ng'ombe huanza kutoa machozi, kisha hufa, ni kuchuna ngozi tu. Baba yako, msaidizi wa bwana mifugo pale Tabora, alikuja kuchanja. Tulikuwa tumeoana juzijuzi. Dawa ikamwishia, nusu ya ng'ombe wa babu yako hawajachanjwa, na sotoka iko kijiji cha pili.

"Mkwe," babu yako akasema, "hawa uliowachanja wamepata homa kidogo tu. Toa damu yao uwatie hawa wengine. Wazee wetu walifanya hivyo."

Baba yako, aliyeona haya hata kumtazama mkwewe usoni, akainamisha kichwa. "Hapana, baba. Kijidudu kilichomo kwenye dawa hii kilipitishwa kwa mbuzi wengi mpaka kikapoa. Kikianza kutoka ng'ombe hadi ng'ombe kitabadilika, na huenda ukali ukarudi. Ndiyo maana kila dawa huanzia kwenye mbegu ileile, kile kijidudu kilichopoa tulichokihifadhi. Ningoje, nikalete nyingine."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mkwe kukataliwa hadharani! Babu yako akamgeuzia mgongo, na majirani wakamcheka kwamba sasa anafundishwa na mtoto. Mwiba wa kuchanjia alikuwa nao, damu ilikuwapo, na hakuna wa kumzuia. Nikabaki pale kwetu nikihofia ng'ombe, nikihofia na ndoa yangu.

Lakini yule mzee mkaidi alingoja. Baba yako akarudi juu ya lori la karanga, amekumbatia themosi yenye barafu, akawachanja waliobaki. Sotoka ilipopita, zizi letu lilisalimika. Nililia kwa furaha, sikuficha.

Babu yako akamwita. "Uliponikatalia nilitaka kumrudisha binti yangu nyumbani," akamwambia. "Sasa naona nimepata wa kumwachia zizi."

Basi, mwanangu, virusi wako nao hawatulii. Kila ukiwahamisha kutoka seli hizi kwenda nyingine wanaweza kugeuka kidogokidogo, bila kukuaga. Wapime, usiwahamishe kupita kiasi, na urudi kwenye mbegu ya mwanzo. Na mtu unayemheshimu akikuomba njia ya mkato, mkatalie kwa adabu, kisha ukahangaike kumletea iliyo salama.

Mungu aishike mikono yako, na watakaochanjwa dawa yako walale usingizi bila hofu.