Jani la Boga Lililofungwa Uzi Mwekundu

Wiki iliyopita nesi alipompaka mwanangu spiriti kabla ya sindano, harufu ile kali ilinirudisha Nakwa, hapa hapa Babati, nilipokuwa darasa la sita. Mtoto alilia, mimi nikacheka. Nesi aliniona mama asiye na huruma.

Mwalimu wetu wa sayansi alituambia kwamba majani hula hewa. Ile kabonidayoksaidi tunayoitoa puani, jani huichanganya na maji kwa nguvu ya jua na kutengeneza sukari, na inayozidi huiweka akiba kama wanga. Hatukumwamini. Basi akaagiza kila mmoja afunike nusu ya jani kwa karatasi nyeusi, likiwa bado kwenye mmea wake, kisha baada ya siku mbili alilete darasani.

Kwetu hapakuwa na jani pana. Mbuzi wetu alikuwa amelihakikisha hilo. Nikapenya uzio wa minyaa hadi kwa Mama Zuhura, jirani na rafiki wa mama, nikachagua jani zuri la boga. Pini sikuwa nazo. Nikafunga karatasi kwa uzi mwekundu niliouchomoa kwenye cherehani ya mama, nikaondoka nikijiona daktari.

Kesho yake jioni Mama Zuhura hakuitikia salamu ya mama. Karatasi nyeusi, uzi mwekundu, katikati ya maboga yake! Na mtaa mzima fundi cherehani alikuwa mmoja tu. Tena wiki hiyo yeye na mama walikuwa wamegombana kwa sababu ya mbuzi wetu. Majirani walishamshauri Mama Zuhura aite mganga, na jani lenyewe hakuna aliyethubutu kuligusa. Niliogopa fimbo, lakini niliogopa zaidi kuona watu wawili walioazimana hata chumvi wakipishana kama wageni.

Asubuhi nilishindwa kuvumilia. Nikaenda kwa Mama Zuhura.

“Shikamoo, Mama Zuhura. Ule uzi niliufunga mimi. Ni kazi ya mwalimu.”

“Marahaba. Kumbe mwalimu wako naye mchawi?”

“Hapana! Jani linatengeneza sukari kwa hewa na jua. Ukilifunika, linashinda na njaa.”

Akalichuma lile jani mwenyewe. “Haya, twende nikaione hiyo sukari.”

Akaja kweli, akajibana kwenye dawati la nyuma na mtandio wake. Mwalimu alilichemsha jani ndani ya spiriti, chombo kikiwa kwenye maji ya moto, mpaka likapauka. Akalidondoshea iodini. Upande uliopata jua ukawa mweusi wa kibuluu kwa sababu ya wanga. Uliofunikwa ukabaki na ukahawia wa iodini tu.

“Maskini, lilikuwa na njaa!” Mama Zuhura akapaza sauti, darasa zima likaangua kicheko. Nilishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa ndoo ya maji kichwani. Jioni hiyo yeye na mama walicheka mpaka wakajifuta machozi.

Kwa miaka mingi nilijisifu kuwa sayansi yangu iliwapatanisha. Mwaka jana, tukimenya vitunguu vya pilau ya harusi, Mama Zuhura aliniambia kwamba asubuhi ile mama alikuwa amenitangulia. Aliutambua uzi wake, akajua ni mkono wangu, ingawa sababu hakuijua. Alimwambia, “Kama ni binti yangu, nisamehe mimi. Ila naomba umsubiri aje aseme mwenyewe.”

Nami nilidhani nilikwenda peke yangu. Mama alikuwa nyuma ya pazia la mlango wa Mama Zuhura, hatua mbili tu kutoka nilipokuwa nimesimama, akisikia kila neno.