Sinia Iliyongoja Magharibi

Juzi nliwapeleka watoto wa dada yangu Bwejuu kuvunja jungu. Unatujua sie watu wa mjini. Ramadhani ikikaribia, kila nyumba inatafuta siku yake, vyungu vinapakiwa garini, watoto wanapakiwa juu ya vyungu, watu wanakwenda pwani kula mpaka washindwe kusimama, kama vile mfungo ukiingia chakula kitahama nchi. Basi tumefika, mkeka umetandikwa, natia mkono kikapuni natafuta sinia, naona maboksi. Boksi la huyu, boksi la yule, kila mtu na chipsi zake na kijiko chake cha plastiki. Nkauliza, sinia iko wapi? Yule mdogo wao, ambaye hata vifungo vya shati hajui kuvifunga, akanambia, "Mjomba, mie sili na huyu. Huyu anakula mpaka upande wa mwenzake."

Nkacheka. Kisha kicheko kikankauka, maana tulikuwa tumekaa chini ya mivinje ile ile ya siku za bibi.

Zamani sinia ilikuwa ya bibi, mzaa mama. Sinia ya bati, kubwa, ukingo umebonyea upande mmoja, na ukikaa upande ule mchuzi wote unakuja kwako, kwa hiyo tukipigania pale kama watu wanaogombea urithi. Bibi kazaliwa Bwejuu, akaolewa mjini, akakaa mtaa wa Malindi kwenye nyumba ambayo jua linaingia kwa kupiga hodi. Mwaka mzima hakuomba atembezwe popote. Lakini jungu lazima livunjwe Bwejuu. Ukimwambia mbona Mbweni karibu, anakwambia, "Mbweni si pwani, ni ua wa mjini."

Siku ya kuamkia safari nyumba nzima ilinukia bizari na vitunguu vya kukaanga. Kazi yangu ilikuwa kukuna nazi. Bibi kanipa kazi hiyo kwa sababu nlikuwa na maneno mengi, akisema mdomo ukifanya kazi na mikono ifanye kazi. Nkikaa juu ya mbuzi nkakuna huku nahadithia, nazi nyengine inaingia kwenye bakuli, nyengine inaingia kwangu.

Sasa bibi alikuwa na watoto wawili tu, mama yangu na mama mdogo, na hao wawili walikuwa hawasemezani. Ugomvi ulianzia kwenye harusi moja ya jamaa. Mama akisema ni kwa ajili ya neno aliloambiwa. Mama mdogo akisema hakukuwa na neno, yeye ndiye aliyetazamwa, tena alitazamwa vibaya. Wakikutana jikoni kwa bibi wanazungumza kupitia kwetu watoto. "Mwambie mama yako chumvi imezidi." Na mama yangu kasimama hapo hapo, mwiko mkononi. Mie nageuka, nafikisha salamu, narudi na majibu. Kwangu ilikuwa mchezo.

Kwa bibi haikuwa mchezo. Mwaka ule miguu yake ilikuwa imevimba, akipanda ngazi anapumzika kila kipandio na kujifanya anatazama ukuta. Akawaita wote wawili, akawaambia, "Nataka niwaone mnakula sinia moja kabla sijafa. Sitaki jengine." Wakanyamaza. Kwetu mtu akinyamaza mbele ya mzee, kakubali.

Ikapangwa siku ya mwisho kabisa ya Shaabani, kwa sababu mama mdogo alikuwa fundi cherehani na kabla ya hapo nguo za watu za sikukuu hazikumpa nafasi. Usiku wa kuamkia siku hiyo mwezi ukatafutwa huku kwetu, haukuonekana. Bibi akafurahi, siku yake imebaki. Asubuhi tukapanda pikapu ya jirani, mtu wa mzaha sana, akawa anatwambia sie watoto tukae kimya la sivyo atatuuza Tunguu kwa bei ya mananasi. Mama mdogo mbele na bibi. Mama nyuma na sie, mkono umeshika sufuria ya pilau isicheze.

Tulipofika maji yamekupwa, bahari iko mbali kule kama imekasirishwa, na katikati vijiti vya mwani vimesimama mistari mistari. Tukakimbia kutafuta kaa. Tukaitwa. Bibi kashapakua. Pilau ya kuku, kachumbari, achari ya ndimu, ndizi mbivu. Sinia katikati, na bibi kaigeuza makusudi, ule upande uliobonyea uwe baina ya mabinti zake.

Mama mdogo akaja, akakaa, akanawa. Mama akaja, akakaa, hakunawa.

"Nawa mwanangu," bibi akamwambia.

"Mie nimefunga, mama."

"Umefunga nini na wewe?"

"Mwezi umeonekana nchi nyengine jana usiku. Sie nyumbani tunafuata popote ulipoonekana, unajua."

Na kweli bibi alijua, ila alikuwa kasahau. Mji wetu ndivyo ulivyo, wako wanaofunga ukionekana popote duniani, na wako wanaongoja uonekane kwao. Watu wa nyumba mbili wanapishana siku moja, hakuna anayemuuliza mwenzake. Baba alikuwa wa popote, na mama kamfuata. Mama mdogo alikuwa wa hapa hapa. Sie watoto hatukuwa na upande, tulikuwa na funga yetu wenyewe, ya kufunga baina ya chai na chakula cha mchana.

Mama mdogo aliutazama mkono wake ulioroa, akasema taratibu, bila kumtazama mtu, "Kama hutaki kula na mie, sema. Usiusingizie mwezi."

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nlimsikia akisema na mama moja kwa moja.

Bibi akaifunika sinia kwa kawa. Akasema, "Basi tungoje magharibi. Mtakula pamoja." Sie watoto tukapakuliwa kwenye sahani, tukala. Yeye hakula. Hakufunga, na hakula. Akakaa ameegemea mvinje, miguu kainyoosha, mabinti zake mmoja kulia mmoja kushoto, sinia imefunikwa katikati yao kama mgonjwa aliyelala. Adhuhuri ikapita. Maji yakaanza kujaa, vijiti vya mwani vikazama kimoja kimoja. Nkajaribu kuwachekesha, nkaigiza kaa anavyokimbia. Mama mdogo akatabasamu, nkaona mama naye anatabasamu, wakaonana, wakaacha.

Baada ya alasiri jirani akaja anajikunakuna kichwa. "Bi mkubwa, nisamehe. Leo sie tarawehe ya kwanza, na msikitini kwetu wananingoja. Tukikaa mpaka magharibi siwahi."

Bibi aliitazama sinia iliyofunikwa. Angeweza kumwambia ngoja, na jirani angengoja. Lakini hakutaka kumkosesha mtu sala kwa ajili ya pilau. Akasema, "Haya. Pakieni."

Adhana ya magharibi ilitukuta njiani, karibu na Tunguu. Jirani akasimamisha gari pembeni. Bibi akatoa tende moja kwenye kanga yake, akaipasua. Nusu akampelekea mama huku nyuma, kwa mkono wangu. Mama akafuturu. Nusu ya pili akampa mama mdogo aliyekaa naye mbele. Mama mdogo akasema, "Mie sijafunga, mama," akageuza uso dirishani. Mkono wa bibi ukabaki hivyo, umefunguka, ile nusu tende juu yake. Kisha akaifunga kwenye pindo la kanga, akapiga fundo, gari ikaondoka.

Ramadhani ile haikumalizika na bibi. Alituacha kwenye kumi la mwisho. Hitma ikasomwa Malindi alasiri, nyumba imejaa mpaka ngazini, na jua linataka kuzama. Wanawake wakawa wanatoa sinia za futari, na jirani mmoja, hajui hili wala lile, akaiteremsha ile iliyobonyea mbele ya mama na mama mdogo. Safari hii wote walikuwa wamefunga. Mwezi mmoja, adhana moja. Mama akasogeza paja la kuku likaenda upande wa mdogo wake. Mama mdogo akala analia, na mama naye. Mie nlisimama mlangoni na birika la uji, nkamtafuta bibi kwa macho nimwambie.

Juzi mama na mama mdogo walikuwepo wote wawili Bwejuu. Wamezeeka, wanacheka, wanasengenya wifi zao, kila mtu na boksi lake. Upande wa kule tulikotafuta kaa siku hizi kuna ukuta wa hoteli, na ule mvinje aliouegemea bibi umekatwa, kimebaki kisiki. Watoto walikuwa wanarukia kile kisiki, wanateremka, wanarukia tena. Nkawaza kuwaambia mama na mama mdogo, mwakani nitaileta ile sinia, iko jikoni, imetundikwa. Kisha nkaghairi. Wao hawaihitaji tena. Aliyekuwa akiihitaji ndiye aliyeondoka na njaa.