Mama alivyowamaliza bakteria wangu wa kuua nzi kabla ya koito

Wakuu, hamjambo huko mliko? Haya yamenitokea mwenyewe hapa kwetu, nje kidogo ya Eldoret. Chumvi nimeiacha jikoni.

Tunafuga ng'ombe wa maziwa. Dada yangu Chebet alikuwa anangojea koito, yaani watu wa mchumba wake waje kutoka eneo la Ziwa kumuomba rasmi. Na nyumbani nzi walikuwa wanatosha kaunti nzima.

Chebet akaniita kando. "Wageni watapewa mursik. Nzi akiingia kwa hiyo kikombe, mimi na wewe hatujuani."

Kwa msiojua, mursik ni maziwa yetu ya kuchachushwa kwenye kibuyu. Ndiyo heshima ya mgeni.

Spray nilishajaribu, nzi wakazoea. Jamaa wa agrovet, duka la dawa za mifugo mjini, akaniuzia unga wa bakteria wa udongoni. Unakoroga na maji, unamwagia rundo la samadi. Funza wa nzi wanakula, wanakufa kabla hawajaota mabawa. Nzi wakubwa haiwagusi, hao unangoja wafe na uzee wao. Ndiyo maana lazima uanze mapema.

Nikaanza mapema. Nzi wakaongezeka.

Nikarudi agrovet nimefura. Jamaa akauliza tu, "Kuna mtu anamwaga klorini hapo?" Nikamcheka. Nani atamwagia mavi ya ng'ombe klorini?

Ni Mama. Alikuwa amesoma pakiti, akaona neno "bakteria".

Wafugaji mtaelewa. Kwetu bakteria ni tusi. Maziwa yakikataliwa, neno ni hilo, na kila mkutano tunahubiriwa usafi. Kwa hivyo kila nikimwaga dawa, Mama anapita nyuma yangu na klorini ya kuoshea ndoo.

"Nilikuwa nakusaidia," akasema. "Si ungetuletea ugonjwa?"

Nilikasirika, halafu nikamwonyesha kibuyu chake. "Na hii mursik, Mama, unafikiri ni nani huichachusha? Si ni bakteria pia?"

Alicheka mpaka akakaa chini.

Nikanunua pakiti nyingine, na Mama akawa askari wa samadi. Hata maji ya sabuni hakuna kumwaga karibu. Polepole nzi wakapungua, na mimi nikaanza kulala vizuri.

Siku ya koito vikombe vikajazwa, hakuna nzi. Mzee wa upande wa wageni akatazama huku na huku. "Na hii boma iko na ng'ombe kweli? Nzi walienda wapi?"

Mama akajibu kwa majivuno, "Sisi tunatumia bakteria."

Vikombe vyote vikarudi mezani.

Chebet aliniangalia, nikajua undugu umeisha. Nikasimama nikaeleza mbio mbio, wa samadi ni tofauti, wa kibuyu ni tofauti.

Mzee akachukua kikombe, akamaliza chote, akapangusa mdomo. "Hawa wa kunywa ni watamu. Wale wa mavi utaniletea Ziwa."

Nimejifunza kwamba kabla hujaleta dawa nyumbani, mweleze kwanza mwenye ndoo. Kama umejaribu hii kitu kwa banda la kuku, nipe maoni hapo chini.

Jumamosi napeleka pakiti Ziwa. Mama ameshawapigia simu wakwe wapya kuwaambia wafiche klorini.