Wingu Lililopinga Upepo, Kinondo

Mwishoni mwa mwaka 1997, mvua zikiwa zimetuchosha Pwani nzima, nilipata habari kwamba mdogo wangu Mwanasha amejifungua huko Kinondo. Kazi yangu Mombasa ilikuwa kurusha maputo na kupima upepo wa juu. Niliomba ruhusa ya siku moja nikamwone mpwa wangu.

Saa mbili asubuhi nilivuka kwa feri ya Likoni. Jua lilikuwa kali, nami sikulifurahia. Mwaka ule asubuhi za namna hiyo zilikwisha kutudanganya sana.

Saa tano nilifika Kinondo, nikamwamkia Bi Mwanakombo, mama mkwe wa Mwanasha. Nilikuta paa la chumba cha mzazi limeezuliwa. Makuti ya zamani yalikuwa yakivuja, na fundi alikuwa juu akijiandaa kufunga mapya. Mwanasha alikuwa amelala humo kitandani, chini ya shuka lililotandazwa kwenye kamba, mtoto kifuani. Ilikuwa siku ya kumi na mbili tangu ajifungue.

Baada ya chakula, wingu jeusi lilipanda upande wa bara, juu ya vilima vya Shimba Hills. Fundi alitazama moshi wa jikoni ukielekea bara, akasema upepo wa bahari utalifukuza. Wote wakaridhika. Mimi nilikitazama kilele chake kikisambaa kuja baharini. Chini upepo ulikwenda bara, juu ulikwenda baharini. Wingu lililosimama wima ni kama chungu kinachofurika: hujizimia moto wake. Likiinamishwa na pepo mbili, humwaga kando, na moto ukazidi kuwaka; mvua yake haiishi upesi.

Nilimwomba Bi Mwanakombo tuwahamishie Mwanasha na mtoto kwa jirani mwenye nyumba ya mabati.

"Mwanangu, mzazi hatoki kabla ya arobaini," akasema.

"Nalijua hilo, mama. Lakini wingu lile linakuja kwetu."

Aliinua macho akalitazama. Niliogopa: mvua isiponyesha na mtoto akashikwa na homa, lawama zote ni zangu. Mwishowe alileta kanga, akamfunika Mwanasha gubigubi pamoja na mtoto, akatangulia akisoma dua.

Saa kumi wingu lilifika, likija kinyume cha upepo. Mara mbili nilidhani limekwisha, mara mbili likarudi. Kabla ya magharibi tulisikia kishindo: ukuta wa udongo uliolowa ulikuwa umeangukia kitanda cha Mwanasha. Fundi alivua kofia, akainama.

Kesho yake nilirudi Mombasa nimechelewa, nikakaripiwa. Nilikuwa nimejifunza kwamba chini ya tarakimu zangu za upepo kuna watu wamelala.

Bi Mwanakombo alianza kuhesabu arobaini upya, palepale kwa jirani. Mpaka leo Mwanasha hulalamika kwamba nilimwongezea siku kumi na mbili za kufungiwa ndani. Namwacha alalamike.