Mume wangu anashuhudia kanisani kwamba aliacha dawa, na mimi ndiye ninayemnywesha kwa siri

Admin, ficha jina langu, na majina yote humu nimeyabadilisha. Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, karani, tunaishi Komarock, Nairobi. Mume wangu nitamwita Baba Mutua. Ni mchongaji wa vinyago, ana banda lake la kazi huko Mowlem. Sina shida ya mapenzi wala mpango wa kando. Shida yangu ni uji.

Mwaka juzi Baba Mutua alivimba mguu. Kumbe damu ilikuwa imeganda ndani, na kipande kikapanda mpaka kwenye mapafu. Ilikuwa mara ya pili. Hospitalini wakampa dawa ya kuzuia damu isigande, wakasema hiyo ataimeza maisha. Akaimeza vizuri tu. Lakini mtu anayeinama na tezo akichonga kutwa nzima mgongo humuuma, na bila kuniambia alikuwa akinunua dawa za maumivu dukani, anatafuna kama njugu. Asubuhi moja akaniita chooni. Choo kilikuwa cheusi kama lami. Kabla hatujapata gari akatapika damu. Alilazwa siku sita, akaongezwa damu, wakamwangalia tumbo wakakuta kidonda.

Wakasimamisha dawa ya damu kwa muda. Tuliporudi kliniki, daktari, mama mmoja mpole, akamwambia, "Mzee, kidonda kimepona. Sasa urudie dawa ya damu, na hii ya kulinda tumbo. Lakini dawa za maumivu usiziguse tena."

Baba Mutua akatikisa kichwa kama amekubali. Tulipofika nje akaniambia, "Dawa iliyotaka kuniua ndiyo nirudie? Mama Mutua, mimi si mjinga." Nikamweleza kwamba ni zile za maumivu zilizomtoboa. Nikambembeleza, nikanuna, nikaita kaka yake kutoka Machakos. Mwanamume akisema hapana amesema. Akatupa pakiti nzima kwenye pipa, mimi nikiangalia.

Niliiokota. Kesho yake asubuhi nikasaga kidonge kwa mgongo wa kijiko, pamoja na kile cha tumbo, nikakoroga kwenye uji wake. Nilijiambia ni wiki moja tu, nitamshawishi. Pakiti zikiisha nanunua nyingine kwa cheti kile kile cha daktari. Sasa ni miezi saba.

Najua mtasema nimekosea. Ngojeni nimalize.

Mwezi uliopita alijikata kidole gumba kazini. Kidonda kidogo sana, lakini alirudi nyumbani na kitambaa kimelowa chote. Akashangaa, "Mbona damu haikomi?" Nikamfunga kidole. Siku iyo hiyo, nikifua aproni yake, nikakuta dawa za maumivu mfukoni. Nikamwambia, "Baba Mutua, hizi zilikutoboa tumbo!" Akacheka. "Zilinitoboa kwa sababu zilikutana na ile sumu yenu. Sasa siinywi tena, zitanifanya nini?"

Nikarudi kwenye beseni na aproni yake. Nimekuwa nikizitafuta na kuzitupa, naye ananunua zingine. Nimejaribu kumpeleka kliniki, anasema mtu mwenye afya hapangi foleni. Nimechoka, watu wangu. Nimechoka kulinda mtu anayepigana nami bila kujua tunapigana.

Basi Jumapili moja akasimama kutoa ushuhuda. Mimi niko kwenye kwaya, mbele kabisa. Akasema, "Miezi saba sijameza hata kidonge kimoja! Daktari aliniambia nitakufa. Mnaniona?" Kanisa likalipuka. Mchungaji akamshika mkono akauinua juu. Wakanitazama mimi, mke wake, na mimi nikapiga makofi.

Kwenye kanisa letu kuna jirani yangu wa zamani, nimwite Mama Nekesa. Mumewe anafanya kibarua kiwandani, wanakaa Mukuru kwa Reuben. Naye damu iliganda mguuni, akapewa dawa kama hiyo, akaona damu chooni akaogopa, lakini walimtibu na kumrudishia dawa. Siku tatu baada ya ule ushuhuda Mama Nekesa alikuja kwangu.

"Dada, mzee wangu amemwaga dawa zote. Anasema kama Baba Mutua ameweza, naye ana imani. Niambie wewe unayelala naye. Ni kweli hamezi chochote?"

Baba Mutua alikuwa sebuleni, anasikia. Nikasema, "Mungu ni mwema."

Hilo tu. Mama Nekesa akanikumbatia akalia kwa furaha. Akaenda.

Sikula siku hiyo. Kesho yake nikampigia, nikamwambia ampeleke mzee kliniki haraka, kila mwili una mambo yake, asimwige mtu. Akaniuliza, "Mama Mutua, baraka ikiingia kwako ni sawa, ikija kwetu iwe dhambi?" Akakata simu. Juzi mwanakwaya mwenzetu amenieleza kwamba yule mzee anachechemea, na mguu umeanza kuvimba.

Nikisema ukweli, Baba Mutua hatakula tena kitu kilichopita mikononi mwangu, ataacha dawa kabisa, na kanisa zima litamcheka. Namjua, aibu hiyo hatanisamehe. Nikinyamaza, naye aendelee na zile za maumivu juu ya dawa asiyoijua, siku moja nitamkuta chooni tena, na safari hii mkono uliomuua utakuwa wangu. Na huko Reuben kuna mtu anavimba mguu kwa sababu ya uji wangu.

Tafadhali msiniambie niombe tu, nimeomba. Nataka mtu aniambie, kesho asubuhi nikiamka, mlango wa kwanza nibishe wa nani? Wa Mama Nekesa, wa daktari, au nimwamshe mume wangu nimweke chini nimwambie? Nishaurini, lakini msichelewe, kwa sababu ule mguu haungoji.