Uwanja wa Msangeni na Fomu Niliyoijaza Mimi

Siku yangu ya kwanza bomani Same, Karani Mkuu alinikagua kucha kabla ya kunionyesha mashine ya taipu. Alikuwa Mpare mwenzangu, mzee wa kanisa, na kwake kucha chafu zilimaanisha barua chafu. "Hapa hatuandiki tunachopenda," aliniambia. "Tunajibu kilichoulizwa." Nikalishika neno hilo kama amri ya Musa.

Ninyi vijana mnaohangaikia wafadhili mnadhani mambo haya yameanza na ninyi. Thubutu! Enzi za Mwingereza tulikuwa na ruzuku, fedha ambazo serikali hutoa bila kudai irudishiwe, na vilabu vya vijana viliweza kuomba mipira, nyavu na pampu. Mpira wenyewe ulikuwa wa ngozi, una kibofu ndani na kamba ya kufungia mdomo, na ukilowa unakuwa mzito kama jiwe. Kila mara mwalimu wa kijiji aliandika barua kwa Kiswahili, nami nikaihamishia kwenye fomu ya Kiingereza, nakala tatu kwa kaboni. Bwana Maendeleo, Mwingereza aliyesimamia shughuli za jamii wilayani, akatia sahihi, ikaenda Dar es Salaam.

Ndipo ikaja barua ya mwalimu wa Msangeni, kijiji cha juu milimani. Vijana waliomaliza shule walikuwa wanashuka mmoja mmoja kwenda kukata mkonge tambarare, naye alitaka kuwapa sababu ya kubaki. Uwanja ulikuwa tayari. Mzee mmoja alikuwa ametoa shamba lake la maharage, kwa sharti kwamba mipira ije kabla ya masika, la sivyo anapanda. Msimwone mchoyo. Milimani kwetu ukipata kipande cha kulima bila kujishikiza usiporomoke, unashukuru Mungu.

Fomu iliuliza: wananchi wamechangia nini? Nikaandika: hakuna.

Nilijua fika uwanja ule ulichongwa kwa msaragambo. Pembe inapulizwa, kila nyumba inatoa mtu na jembe, na asiyekuja anatozwa faini. Lakini kwetu msaragambo si mchango. Ni wajibu, kama kumzika jirani, na nani ajisifie kwamba amezika jirani? Mchango nilioujua mimi ni ule unaotiwa kwenye sahani kanisani. Ombi likarudi limekataliwa, kwamba watu hawa hawakuonyesha juhudi yao wenyewe.

Mwalimu alishuka mlima kwa miguu, akadandia lori hadi Same.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hivi huko Dar es Salaam nani amewaambia hatukufanya juhudi? Akina mama wamebeba mawe mwezi mzima."

Nikamjibu kwamba serikali ndivyo ilivyo. Akainamisha kichwa, akasema basi atawaambia watu hivyo, akaenda zake.

Niliona aibu. Lakini nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, nina mke mpya nyumbani, nikaogopa kufukuzwa. Majuma matatu nilipiga taipu kimya. Hatimaye nikaingia kwa Bwana Maendeleo nikamweleza yote.

"Msaragambo ni kitu gani?" aliuliza. Nikamfafanulia. Akavua miwani. "Watu wamekata mlima, nawe ukaandika hakuna?"

"Ndiyo, Bwana."

"Andika upya. Leo hii."

Hakunifukuza. Aliyenichapa kwa maneno ni Karani Mkuu: "Uliulizwa, bwana mdogo, na hukujibu." Kuanzia hapo, kila aliyeleta ombi nilimuuliza kwanza wamefanya nini ambacho wao wenyewe hawakihesabu kuwa kazi. Vilabu vingi vilipata vifaa kwa swali hilo.

Mipira ya Msangeni ilikuja. Mwalimu alipoifuata, masika yalikuwa yamekwisha kuanza na maharage ya yule mzee yameota uwanjani. Aliipokea kwa mikono miwili, akanishukuru, akasema watoto wadogo wataichezea uani mwa shule. Nikampa daftari atie sahihi.

Nilitumika miaka mingi baada ya hapo, mpaka Uhuru ukanikuta na kunipita, nikastaafu kwa heshima na cherehani ya zawadi. Juzi nilipanda Msangeni kwenye msiba. Mwenyeji mmoja, mwenye mvi tayari, akanionyesha shamba la maharage lililo sawa kama meza.

"Hapa ndipo tungecheza mpira, mzee. Mkoloni alitunyima."

Ningeweza kuitikia tu, tukapita. Waliojua ukweli wote wamekwisha kufa, nao wasingenisuta.

"Si Mkoloni," nikasema. "Fomu niliijaza mimi. Niliandika kwamba hamkuchangia kitu, na nilipojua nimekosea nikanyamaza majuma matatu kwa kuogopea kazi yangu."

Akageuka kulitazama lile shamba, bila hasira.

"Kaka yangu alishuka mkongeni masika yale," akasema. "Hatukumwona tena."

Nikampa pole.