Wanasema Jirani Amemroga Mwanangu, Nami Najua Ukweli

Ndugu Mhariri, jina langu na la kijiji chetu naomba yabaki kwako. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, mkulima katika kijiji cha ujamaa upande wa Itigi. Nina binti wa miaka minne, tumwite Zena, na mimba ya miezi sita.

Kabla ya kuhamishwa tuliishi ndani ya vichaka, Zena akishinda kivulini, kwa hiyo hatukugundua kitu. Huku tulikuta uwanja mtupu, miti yote imekatwa. Siku ya kwanza nilipokwenda naye shamba la ujamaa, uso ulimwiva kama aliyemwagiwa maji ya moto. Baadaye yakaja madoa meusi madogo madogo puani na mashavuni, ngozi ikakauka kama ya mzee, macho yakawa yanamwaga machozi kila mlango ukifunguliwa. Sasa ana kidonda mdomoni. Hakiponi, kinakua.

Daktari wa hospitali ya misheni alimtazama sana, akaniuliza, "Wewe na mumeo mna undugu?"

Nikamjibu hapana. Nilidanganya. Mama yangu na mama mkwe ni watoto wa ndugu wawili. Akasema ugonjwa huu ni nadra, mtoto huurithi kwa baba na mama wote wawili, na jua ndilo linalomuumiza.

Wala si kwamba sikujua. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na madoa yale yale. Akawa kipofu, akafa akiwa na miaka tisa. Nyumbani tulikatazwa kumtaja, nami nikaolewa nimenyamaza. Nilipotoka hospitali nilimweleza mama mkwe yote. Hakushangaa. Alifunga mlango, akakaa chini.

"Mtoto wangu wa kwanza alikufa hivyo hivyo. Mumeo anaamini ilikuwa surua. Nyamaza, mwanangu. Ukisema, nyumba hii imevunjika."

Nikanyamaza. Mume wangu akaenda kwa mganga, akarudi na jina la jirani yetu, bibi mjane asiye na mtoto, ambaye ndiye hunishikia Zena nikienda shambani. Tangu hapo watu hawamsalimii. Wiki iliyopita paa la nyumba yake lilichomwa moto, bahati nzuri yeye alikuwa kisimani. Wanaume wanasema mkutano wa kijiji baada ya mavuno ni wa kumfukuza. Wengine wanasema kumfukuza hakutoshi.

Jana asubuhi nilimkuta mlangoni na kibakuli cha uji wa uwele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mjukuu wangu ameamkaje?"

Kabla sijajibu mume wangu alinipita, akakipiga kile kibakuli, uji ukamwagika miguuni pake. Bibi aliinama, akaokota kibakuli, akaondoka.

Ndugu wasomaji, nikisema, nitaachika na mimba hii. Nikinyamaza, nitakuwa nimemuua mtu. Nianze na mume wangu, au nisimame mkutanoni mbele ya wote? Nipeni shauri upesi. Mavuno yameshaanza.